Mwendo wa Kutoka Doha

Nilioa katika nyumba ya Bi Beevathu, mama mkwe wangu, miaka mingi iliyopita, na mpaka leo wananiita Bwana Harusi Mpya. Ndiyo desturi ya mtaa wetu wa Kuttichira, hapa Kozhikode, pwani ya India. Binti haondoki kwao. Mume ndiye anayekuja, na hata kuja kwenyewe ni kwa nusu: mchana anashinda kazini na kwa mama yake, jioni anakwenda kwa mkewe, anakula, analala, anakunywa chai ya asubuhi, anatoka. Awe na mvi, awe na wajukuu, ataitwa Bwana Harusi Mpya hadi siku anayozikwa, na atapikiwa kama mgeni. Mimi ni muuza halua, sukari naijua vizuri, lakini utamu wa kuwa mkwe katika nyumba ile hauuzwi dukani kwangu.

Basi mtu akija kuposa kwa Bi Beevathu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, haulizwi mshahara. Haulizwi hata ana nyumba ngapi, maana nyumba si shida yetu. Anaulizwa swali moja tu: akiitwa asubuhi, usiku atakuwa mezani? Kwa Bi Mkubwa, mume ambaye hawezi kufika kula chakula cha usiku ni picha ya ukutani. Alimkataa mhandisi wa Delhi kwa sababu ya safari ya treni ya siku mbili. Alimkataa daktari wa Mumbai, kijana mzuri, kwa sababu alijibu kwamba itategemea na zamu.

Halafu akaja Nisham. Nisham ni fundi wa lifti, kwao ni Koyilandy, hapo juu tu, lakini kazi yake iko Doha. Shamla, mjukuu wa Bi Mkubwa na binti wa shemeji yangu, anauza dawa katika famasi ya jirani, na huyo Nisham alikuja likizo akiwa na jino linalouma. Alinunua dawa ya jino siku sita mfululizo. Jino lilishapona siku ya pili, alikiri baadaye. Shamla naye, ambaye kwa kawaida ana majibu makali kuliko spiriti anayouza, siku hizo alikuwa anaimba akipanga vikombe.

"Doha vile ni mwendo wa saa ngapi?" Bi Mkubwa aliuliza siku posa ilipoletwa.

Aliyejibu ni Mjomba Koyamu, mdogo wake Bi Mkubwa. Koyamu aliendesha lori Doha miaka thelathini kabla ya kurudi, na anampenda Shamla kuliko anavyopenda tumbaku yake.

"Ni hapo tu, Dada," akasema. "Umesahau? Unapanda ndege baada ya chai ya asubuhi. Ukishuka Doha, hata adhuhuri haijaadhiniwa. Saa mbili, au hazifiki. Ukienda Kannur kwa basi unachoka zaidi."

Sasa, kila nyumba ya Kuttichira ina mtu Ghuba. Hata paka wetu wanajua kwamba saa za Doha ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili na nusu. Unaondoka hapa saa tatu na nusu asubuhi, unakaa angani zaidi ya saa nne, ukishuka saa ya uwanja wa ndege inakuambia ni saa tano na kitu. Koyamu hakusema neno la uongo. Alipanga tu maneno ya kweli kwa namna ambayo ukweli ulitoka mlango wa nyuma.

Lakini Bi Mkubwa ana saa yake ya ukutani, ya marehemu baba yake, anaitia ufunguo mwenyewe kila Ijumaa, na kwake saa ni saa. Alishasikia watu wakisema saa za Doha ziko nyuma. Aliamini kwamba zinachelewa kwa sababu hakuna mtu makini wa kuzitia ufunguo. Tulimsikia akisema hivyo kwa jirani, tena kwa huruma, na hakuna aliyefungua mdomo. Wewe ungefungua? Mwanamke yule anafua nazi kwa mkono mmoja.

"Saa mbili," akasema Bi Mkubwa, akatikisa kichwa taratibu. "Hiyo ni karibu. Aje siku moja, aitwe kama watu wanavyoitwa, tumwone mezani. Akifika, tutazungumza."

Tukala njama. Mpango ulikuwa wa Koyamu na ulikuwa mzuri. Nisham angepanda ndege yake ya mchana bila kelele. Jioni, ndege ikikaribia, Koyamu angetangaza, "Kijana kaondoka sasa hivi," na baada ya muda mfupi kijana angetokea mlangoni. Shamla alimwandikia Nisham kila kitu. Alisahau kitu kimoja tu, kwamba alikuwa anaposwa na kijana mwenye adabu.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, simu ya nyumba ililia na Bi Mkubwa akaipokea mwenyewe.

"Asalaam aleikum, Bibi. Ni mimi, Nisham. Nimeona si vizuri nije bila kukuaga. Kesho naondoka saa sita mchana, panapo majaaliwa."

"Waaleikum salaam, mwanangu. Saa sita. Umefanya vizuri kusema. Unapenda kome?"

"Napenda, Bibi."

Alipoweka simu chini alikuwa na furaha kama ya Idi. Akaanza kuhesabu kwa sauti: saa sita kuondoka, saa nane kushuka, gari la kutoka uwanja wa ndege, basi saa tisa atakuwa mezani. Chakula cha mchana, si cha usiku. Kijana kazidisha heshima. Koyamu alijipiga kofi la paji la uso, akajifanya anaua mbu.

"Mwambie ukweli sasa," nikamnong'oneza.

"Mwambie wewe, Bwana Harusi Mpya. Wewe ndiye unayepewa paja la kuku."

Sikumwambia. Shamla alisimama mlangoni akitafuna ncha ya shungi lake, na macho yake yalikuwa yanatuuliza sote, na sote tuliangalia sakafu.

Siku hiyo nilifunga duka mapema. Nilikuta nyumba inanukia siagi, iliki na kitunguu cha kukaanga. Kulikuwa na biriani ya kuku kwenye sufuria iliyozibwa kwa unga, kome waliojazwa mchele na nazi, ndizi zilizojazwa mayai na zabibu, na zile nyuzi za mayai zinazopikwa katika shira, ambazo mke wangu Suhara hunipikia mara moja tu kwa mwaka na huwa ananikumbusha. Juu ya yote kulikuwa na mikate yetu ya unga wa mchele, myembamba mpaka unaona mwanga. Mikate hiyo haingoji mtu. Ikitoka jikoni iliwe, ikipoa inakuwa ngozi.

Saa tisa ilipogonga, mikate ilikuwa mezani. Bi Mkubwa alikaa kwenye kiti chake kinachotazama mlango, amevaa hereni zake zote za dhahabu.

Saa kumi, akasema ni foleni ya magari. Saa kumi na moja, akamuuliza Koyamu kama ndege huwa zinaharibika. Koyamu akasema mara chache, Dada, mara chache sana, kisha akaenda kuswali alasiri na hakurudi haraka kama mtu aliyeswali tu. Ilipofika magharibi Bi Mkubwa aliacha kutafuta sababu. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani na saa inamtazama yeye. Shamla alikuwa jikoni, na mke wangu alitoka huko akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto analia juu ya kome.

Nisham aliingia saa mbili kasorobo usiku, mara baada ya adhana ya isha. Kijana mrefu, shati jeupe lenye mikunjo ya safari, mkononi ana boksi la tende, usoni ana tabasamu la mtu aliyekimbia akafika. Alimwinamia Bi Mkubwa.

"Nimefika, Bibi."

"Naona," akasema Bi Mkubwa. "Kaa. Uliondoka saa ngapi?"

"Saa sita, kama nilivyosema."

"Ndege ilichelewa?"

Koyamu, aliyekuwa nyuma ya kiti cha dada yake, alikuwa akitikisa kichwa juu chini kwa nguvu zake zote. Kijana alimwona, na hakumwelewa.

"Hapana, Bibi. Iliondoka kwa wakati, ikatua kwa wakati. Alhamdulillahi."

"Safari ni saa ngapi?"

"Kama saa nne hivi."

Bi Mkubwa alinyoosha vidole vyake, akaanza kwa utulivu ambao mimi naujua na siupendi.

"Mdogo wangu hapa anasema saa mbili. Wewe unasema nne. Saa ya baba yangu pale ukutani inasema karibu saa nane zimepita. Katika hawa watatu, mimi naiamini saa, maana yenyewe haitafuti mke. Toa moja ya gari. Zilizobaki ulikuwa wapi?"

"Bibi, nilikuwa kwenye ndege."

"Ndege haisimami njiani kununua maji. Mtu akipotea nusu siku kati ya kwake na kwa mchumba wake, katikati hapo kuna nyumba ya tatu. Ni Muscat?"

"Bibi?"

"Mwanamke. Yuko Muscat?"

Ningecheka kama si kumwona Shamla. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na uso wake haukuwa na damu. Alijua tunachojua sote: Bi Mkubwa akisimama sasa hivi na kusema kijana arudi kwao, kijana atarudi kwao, na hakuna mtu katika nyumba ile atakayelitaja jina lake tena. Nilimhurumia sana yule mtoto. Nilijionea haya na mimi, mtu mzima, muuza halua, niliyenyamaza kwa sababu ya paja la kuku.

"Bibi," Nisham akasema, na hakupandisha sauti, "sina mtu Muscat. Sina mtu popote. Saa za kule na za hapa hazifanani. Hapa kumeshaadhiniwa isha. Kule alasiri haijaisha bado."

"Alasiri," akasema Bi Mkubwa. "Jua limezama mbele ya macho yangu. Yako majua mawili?"

Nisham hakubishana. Alitoa simu, akapiga kwa video. Akatokea kijana mmoja kifua wazi, juu ya paa, anaanika suruali kwenye kamba. Jua lilikuwa linampiga usoni mpaka amekunja jicho moja.

"Hamsa," akasema Nisham, "mwamkie Bibi."

Hamsa alishika suruali iliyolowa akajifunika nayo kifua. "Asalaam aleikum, Bibi. Nisamehe, nilidhani ni Nisham peke yake."

Bi Mkubwa aliichukua simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Akatazama dirisha letu, ambalo nje yake kulikuwa na giza na taa ya msikiti. Akaitazama tena ile simu.

"We mtoto, uko wapi?"

"Doha, Bibi. Juu ya paa letu, mimi na Nisham."

"Umeshaswali magharibi?"

"Bado, Bibi. Bado sana. Jua hilo hapo." Akaigeuza simu, na kweli, jua lilikuwa hapo, kubwa, juu ya matangi ya maji, halina haraka.

Bi Mkubwa alilitazama mpaka Hamsa akaanza kuuliza kama anaweza kwenda kuvaa. Akamruhusu. Akamrudishia Nisham simu yake. Alipozungumza tena hakuwa anazungumza na Nisham.

"Koyamu."

"Naam, Dada."

"Pita mbele nikuone."

Mjomba Koyamu akapita mbele, mzee wa miaka sabini na ushee, amekunja mikono kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Kumbe jua linaanzia kwetu, halafu ndiyo linakwenda Doha."

"Ndivyo, Dada."

"Na safari ni saa nne."

"Na zaidi kidogo, wakati wa kwenda."

"Siku ya kwanza unakwenda, miaka yote ile, nilipokuwa nalia pale barazani, uliniambia ni saa mbili."

"Ulikuwa unalia sana," akasema Koyamu. "Ningekuambia nini? Nilitafuta namba ndogo."

Bi Mkubwa alivuta pumzi. "Mama alikufa alfajiri," akasema. "Niliwaambia wazee wasimzike adhuhuri. Niliwaambia, mngojeni Koyamu, yuko mwendo wa saa mbili, atafika. Wakanitazama kama kichaa, nikadhani ni ubishi wao. Wakamzika. Wewe ukaja kesho yake. Miaka yote hii nimekaa na jambo hilo. Nilikuwa nasema moyoni, mdogo wangu alikuwa karibu hivyo, akashindwa kuja kumzika mama yetu. Nilikuwa nakupikia chai na ninasema hivyo."

Hakuna mtu aliyemsikia Bi Mkubwa akitamka maneno hayo kabla ya siku ile, hata mke wangu, ambaye ni bintiye. Machozi yalikuwa yanamtoka Koyamu na hakuyafuta.

"Simu yenu ilinikuta usingizini, Dada. Kule bado ulikuwa usiku. Nilikwenda uwanja wa ndege na kandambili. Dirisha la tiketi lilipofunguliwa, hapa mlishamzika."

"Hukuweza," akasema Bi Mkubwa.

"Sikuweza."

"Basi ungesema, mpumbavu wewe. Ungesema tu ni mbali." Akamshika mkono, akautikisa kwa hasira, na hakuuachia.

Tulidhani mambo ya posa yamesahauliwa. Nisham alikuwa bado amesimama na boksi lake la tende, hajui akae au aondoke. Lakini Bi Mkubwa hasahau. Aligeukia mlango wa jikoni akiwa bado ameushika mkono wa mdogo wake.

"Shamla, njoo hapa. Wewe ulijua habari hii ya jua?"

"Nilijua, Bibi," akasema Shamla.

"Mama yako alijua. Bwana Harusi Mpya naye alijua, namwona anavyoangalia viatu vyake. Katika nyumba hii mjinga ni mmoja tu, naye ndiye mnayemwogopa." Akamrudia Nisham. "Haya. Wewe kijana, nina swali moja, na nataka ulijibu vizuri. Chukulia Mungu amenichukua alfajiri. Shamla amekupigia, analia. Wazee wanasema wananizika adhuhuri. Utawahi?"

Nilimwona Koyamu, machozi yakiwa bado mashavuni, akimkonyeza yule kijana kwa jicho lote. Sema ndiyo. Shamla naye midomo yake ilikuwa inasema ndiyo bila sauti. Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kumwonyesha jinsi ndiyo inavyotikiswa. Neno lile moja lingemaliza kila kitu, na lilikuwa rahisi.

Nisham alitutazama sote. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama fundi anayepima kamba.

"Hapana, Bibi," akasema. "Ndege ni ile ya mchana tu. Hata nikitoka mbio, hamtaweza kuningoja. Nitawakuta kwenye hitima. Nitakwenda kaburini peke yangu usiku, na kesho yake, kisha nitakaa na Shamla kadiri kazini watakavyoniruhusu. Lakini kwenye mazishi sitakuwepo. Siwezi kukuahidi."

Suhara alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. Nilisema moyoni, basi, mtoto kaharibu, amemaliza.

Uso wa Bi Mkubwa ulikuwa unalegea kidogo kidogo, kuanzia kwenye macho.

"Saa nne na ushee," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Ni mbali."

"Ni mbali, Bibi."

"Shamla, umesikia? Ni mbali. Amesema mwenyewe. Unamtaka akiwa mbali hivyo hivyo?"

"Namtaka," akasema Shamla, na sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata akashtuka mwenyewe.

"Basi muoe," Bi Mkubwa akamwambia Nisham. "Huyu ukimwambia unafika saa fulani, fika. Ukiwa hufiki, mwambie hufiki, aweke sufuria chini. Mtu anaweza kungoja saa nne. Anaweza kungoja hata mwaka, kama anajua anachongoja." Akapaza sauti kuelekea jikoni. "Wekeni kikaango motoni, mtu ametoka Doha hajala. Mikate mipya, ya moto."

Wanawake walikimbilia jikoni wakicheka na kufuta macho kwa pamoja. Nisham hatimaye aliketi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisogea mwenyewe kumpisha mtu penye sinia la kuku.

"Na hii ya mchana?" Suhara akauliza, ameshika sahani ya mikate iliyokauka. "Nimpe mbuzi wa jirani?"

"Lete hapa," akasema Bi Mkubwa. "Hiyo ataila Koyamu."

Koyamu aliipokea sahani bila kulalamika. Akachukua mkate mmoja uliokuwa mgumu kama ngozi, akaanza kuung'ata. Bi Mkubwa alimtazama anavyohangaika nao, kisha akavuta kiti chake karibu, akachukua wa pili, akaula pamoja naye.